Paja la Mkwe Kwenye Injini

Lesian wa Sekei hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye viungo. Miaka yake yote buchani ilikuwa imemfundisha kwamba kila kilichoungana kina mahali kinapoachia, ukipajua. Ndivyo alivyomwambia Nizar wa duka la spea alipokwenda kununua plagi nne za gari lake.

"Nisikilize, Lesian," Nizar alimwonya. "Chomoa waya mmoja, badilisha plagi, rudisha waya. Ndipo uende kwa nyingine. Ukizichomoa zote pamoja utachanganya, utakuja kunililia hapa."

"Wewe umeona wapi mbuzi akachunwa mguu mmoja, akarudishiwa ngozi, ndipo akachunwa wa pili?"

Nizar akamfungia plagi zake kwenye gazeti. Mbishi mwache na ubishi wake.

Ukweli ni kwamba Lesian aliogopa, na hofu yake ilikuwa na jina: Mama Magdalena, mama mkwe wake. Mwaka jana gari hilo lilimzimikia mama huyo kwenye mlima wa Ngaramtoni akiwa ndani ya gauni la kwaya, akamalizia safari juu ya bodaboda huku wanakwaya wenzake wakimpungia mikono kutoka kwenye basi. Tangu siku hiyo Lesian hakuwa na jina. Alikuwa "yule wa Resiato" tu, kwa jina la mkewe. "Mkwe wangu" alikuwa Ludovick, mume wa binti wa pili, anayeendesha watalii kwenye gari linalong'aa.

Sasa mama alikuwa Sekei kwa binti yake kutibiwa jino, na Jumapili hii kulikuwa na kipaimara Oldonyo Sambu. Alikwisha kutoa tamko: gari la yule wa Resiato likiwaka bila kukohoa, atapanda. Likikohoa, anampigia Ludovick, na hatalipanda tena mpaka azikwe.

Basi Jumapili alfajiri Lesian akafungua boneti. Plagi nne zilijipanga kutoka kwenye rejeta ya maji kule puani mwa gari kwenda kwenye kioo cha mbele. Akazichomoa nyaya zote nne, maana alishasema. Ili asipotee, akazipa majina kama agawavyo nyama, kila moja akiifunga kitambaa cha rangi yake: kwenye rejeta kichwa, cha wazee, ikifuata kidari, cha vijana, kisha mbavu, za akina mama, na mwisho kabisa paja, la wakwe. Akafungua plagi kuukuu kwa spana, nyeusi kama sufuria ya makande, akafunga mpya. Alikuwa anapiga mluzi.

Hapo mlango wa sebuleni ukalia, Mama Magdalena akatoka na kigoda chake.

Kwa Waarusha, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ila kwa mtu wa kati. Tangu mama aje, Lesian alikuwa akiingia kwenye nyumba yake mwenyewe kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa mboga. Sasa akatupa spana, akaruka, akajificha nyuma ya migomba. Mama akaweka kigoda ubavuni mwa gari, karibu na mlango wa nyuma. Lesian akachungulia, akaona jambo la kushukuru Mungu: boneti iliyoinuliwa ilikuwa ukuta kamili. Akanyata, akarudi mbele ya gari, akarudisha nyaya moja baada ya nyingine.

"Resiato," alinong'ona. "Washa."

Mkewe akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikasema kwe-kwe-kwe, kisha pwaa! Moshi ukamvaa Lesian usoni na kuku wote wakahamia kwa jirani.

"Resiato," ilisikika sauti ya mama, "hebu muulize huyo wako, anatengeneza gari au anawinda?"

Resiato akashuka, akamwendea mumewe. "Baba Sakaya, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni nyaya tu. Mwambie kichwa nimekipa wazee, paja nimewapa wakwe, kila kitu kimekaa kwake."

"Mama, anasema..."

"Sina uziwi, nina jino. Muulize, huyo mnyama wake amelala chini au ametundikwa?"

Lesian akavitazama vitambaa vya rangi kwenye nyaya. Buchani mnyama hutundikwa miguu juu, kichwa chini, na mkono wa muuza nyama huanzia pajani hata akiwa usingizini. Kwa woga wa mama mkwe, mikono yake ilikuwa imefanya kazi kama iko buchani: ilianzia kwenye rejeta na paja, ikamalizia kwenye kioo na kichwa. Gari zima alikuwa amelitundika.

"Mwambie amelala," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi paja langu linafanya nini kichwani?" alisema mama. Alikuwa amekwisha kutoa simu. "Ludovick, mwanangu, njoo. Ndiyo, njoo tu."

Lesian akazirukia nyaya. Akazing'oa zote, akaanza upya kutoka rejeta: kichwa, kidari, mbavu, paja. Resiato akazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba dagaa. Lesian akataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kisha akakumbuka kwamba gari haliendeshwi boneti ikiwa wazi, na akiifunga tu, atakuwa uso kwa uso na mkwewe.

Akasimama pale ameshika boneti. Mwishowe mlango wa nyuma ukafunguka, gari likainama kidogo, na Resiato akachungulia.

"Mama ameingia. Amejifunika khanga usoni. Funga twende."

Lesian akafunga, akaketi kwenye usukani huku ameangalia magoti yake, akageuza kioo cha ndani kikatazama paa. Alivyorudi nyuma bila kuona akapanda ndoo ya maji, ikapasuka. Simu ya mama ikaita.

"Ludovick? Geuza gari, baba. Niko kwenye gari la mkwe wangu."

Macho ya Lesian yakalowa. "Resiato," alisema, "mwambie mama ashike vizuri, hapa kuna mashimo."

Resiato akageuka kupeleka salamu, lakini hakuwahi.

"Nimeshika," mama alijibu mwenyewe kutoka nyuma. "Endesha."