Mlio wa Pikipiki ya Mume Wangu

Mume wangu alipofariki aliniachia pikipiki kuukuu ya kabureta na mazoea ya kuzungumza na mtu jioni. Pikipiki nikaendelea kuiendesha. Mazoea, sijui niyapeleke wapi.

Kila asubuhi naitumia kupeleka chapati kutoka mtaani kwetu Raila hadi vibanda vya mtaa wa Ayany. Muda mfupi baada ya mazishi ikaanza kutoa milio ya kupasuka. Nikiachia tu mkono wa mafuta mteremkoni, paa! Watu wanainama wakidhani ni risasi, kina mama wanavuta watoto ndani, kisha natukanwa. Mdogo wa marehemu alikuja akaisikia. "Shem, hii kitu tuuze. Nishapata mtu, anakuja Sunday." Sikutaka iuzwe. Kiti kilikuwa kimebonyea pale mume wangu alipokalia miaka yote, na ni mahali pekee nilipokuwa bado nahisi niko karibu naye.

Mafundi wa karibu walibadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakaichafua, wakaisafisha tena. Kila mmoja aliniuliza, "Mzee ako wapi tuongee na yeye?" Nilichoka kuwajibu. Mwishowe nikaenda Kawangware, kwa fundi ambaye mume wangu alimwamini. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Nilipomwambia, alisema tu, "Pole, mathe," akachuchumaa kando ya injini.

Kisha akaiwasha, akamwagia maji kidogo shingo ya mpira inayounganisha kabureta na injini. Mngurumo ukatulia. Maji yalipokauka, ukayumba tena.

"Inavuta hewa hapa penye ufa. Lakini hii crack ni ya kitambo. Mzee alikuwa ameifunga na kipande cha tyubu. Nani alitoa?"

Ni mimi. Baada ya mazishi niliiosha pikipiki nzima kwa sabuni na brashi, kwa kuwa nyumba nilikuwa nimeshaiosha na sikujua nishike nini kingine. Niliona kitu cheusi kimeganda grisi na vumbi. Nikakikata kwa wembe, nikakitupa jalalani. Kumbe ni kazi ya mikono yake.

Fundi alichana tyubu nyingine. Nikamwomba aniache nifunge mwenyewe. Nilizungusha, ikafunguka. Nikazungusha tena, ikafunguka, machozi yakanitoka kwa hasira.

"Yeye alikuwa anaanzia huku chini," fundi akanionyesha. Nikaanza upya.

Nilirudi bila mlio hata mmoja. Niliachia mafuta mteremkoni na hakuna aliyegeuka. Nilimpigia shemeji nikamwambia mnunuzi asije. Akasema sawa, akakata simu. Nilibaki na furaha yangu mlangoni, ile ambayo mtu huanza kuisimulia kabla hajavua viatu. Nilifungua kufuli, nikasukuma mlango, nikasema kwa sauti, "Imepona."

Kisha nikaingia gizani, nikatafuta kiberiti cha kuwashia taa.