Siku Turbo Yangu Ilipokosa Pumzi Njia ya Kasapa

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hata mke wangu anacheka hadi leo kila nikifungua boneti, na majirani wakiniona na kitambaa mkononi, kitambaa chochote, hata cha kufutia pua, wanauliza kama mwenye nacho ana habari. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu (nilishawahi kuanguka na bendera ya shule mbele ya wazazi wote), lakini aibu ya asubuhi ile njia ya Kasapa ni ya peke yake, nayo niliitengeneza kwa mikono yangu miwili huku najisifu.

Mimi si fundi, nauza rangi za nyumba katika duka moja katikati ya mji, ila nina gari la dizeli lenye turbo, la mtumba, na tangu nilinunue nimetazama video nyingi za magari kwenye simu hadi nikajiona nimemaliza masomo. Nyumbani wakaanza kuniita Ingénieur, yaani mhandisi. Mke wangu, Mama Grâce, alikuwa anatania, lakini mimi jina nililipokea kwa heshima zote.

Sasa, wiki ile mama mkwe wangu alikuja kutoka Kilwa, hii yetu ya ziwani, siku tatu juu ya lori kwa ile barabara mnayoijua, na gunia la samaki wakavu miguuni, kwa sababu binti yake wa mwisho, Nadège, alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho ya chuo kikuu pale Kasapa, Jumatano saa nne asubuhi. Mama yule alimsomesha mtoto kwa samaki wa ziwa, mwaka baada ya mwaka, na katika ukoo mzima hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo. Nadège alituambia waziwazi kwamba akisimama mbele ya walimu bila kumwona mama yake kwenye kiti cha mbele, maneno yote yatamtoka kichwani, na walimu hawamsubiri mzazi wa mtu. Kazi ya kumfikisha mama nikapewa mimi, na nikaipokea nikicheka.

Lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu mume na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Hamkai kiti kimoja, hamtazamani usoni, na vitu vyake, hasa nguo zake, huvigusi kabisa, hata vikianguka mbele yako unaita mtu. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu, mama yule akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wangu, hata kama mimi nimekaa pale pale na masikio yangu mawili, na mimi najibu kwa njia hiyo hiyo. Ni heshima, na mimi naipenda, inazuia ugomvi mwingi.

Basi Jumamosi kabla ya Jumatano ile, vumbi jekundu likiwa limejaa kila mahali kama kawaida ya kiangazi, nikaamua kusafisha chujio la hewa (filtre, kama tunavyosema gerejini) mimi mwenyewe. Nikafungua sanduku lake, nikalitoa chujio, nikalipiga-piga ukutani, na ndani ya sanduku nikakuta vumbi la kutosha kupanda mihogo. Nilihitaji kitambaa. Kuingia ndani kuomba kitambaa niliona uvivu. Pale barazani kulikuwa na mfuko wa plastiki, Mama Béa, mshonaji wa mtaani, alikuwa ameuleta muda mfupi kabla, una nguo mpya na vipande vilivyobaki vya kitenge, nikachomoa kipande kimoja kikubwa, kijani chenye maua ya njano, nikawaza hiki ni mabaki tu, nikafuta. Hapo hapo simu ikalia, mteja anataka rangi ya bluu, bluu ya namna gani hajui mwenyewe, nikaongea naye robo saa nzima huku mkono mmoja unarudisha chujio na kubana sanduku. Kipande kile kilikwenda wapi sikujiuliza.

Kuanzia Jumapili gari likaanza vituko. Ukienda polepole, linatembea vizuri kabisa, ukikanyaga mafuta ili upite lori, linashtuka, linakosa nguvu, linavuta kama limefungwa kamba nyuma. Ukiachia mguu kidogo, nguvu zinarudi! Nikalipeleka kwa Maître Ilunga, fundi wangu, mtu mpole mwenye kile kimashine cha kusoma makosa ya gari. Kimashine kikasema hewa inayosukumwa na turbo ni kidogo.

“Mukubwa, tuanze na filtre ya hewa,” akasema, na mkono umeshafika kwenye boneti.

“Hiyo acha. Nimeisafisha miye mwenyewe, Jumamosi. Inang'aa.”

“Ni ya kufungua tu, dakika mbili.”

“Maître, nimekuambia inang'aa. Angalia turbo.”

Alinitazama, akaondoa mkono, akaangalia turbo. Halafu mabomba ya turbo, halafu chujio la mafuta, halafu waya mmoja ambao yeye mwenyewe alisema hauna kosa lolote. Siku mbili! Mama mkwe, aliyekuwa amepanda gari mara moja tu kwenda misa, akamwambia mke wangu barazani, mimi nikiwa hatua tatu kutoka pale:

“Umuambie Baba Grâce, motoka yake inakosa pumuzi. Kuko kitu inaziba ku koo. Kwetu Kilwa moteur ya mutumbwi ikifanya vile, banatosha sachet.”

Na mimi, Ingénieur, nikajibu kupitia mke wangu kwamba namshukuru mama sana, lakini kutoa mfuko wa plastiki kwenye injini ya mtumbwi na kutibu turbo ni shule mbili tofauti. Mama akarudi kuchambua samaki wake wakavu.

Siku hizo hizo kulikuwa na kilio kingine nyumbani. Kitambaa cha kichwa cha mama, kilichokatwa kwenye kitenge kimoja na bluzi na sketi yake ya Jumatano, hakionekani. Walipekua masanduku, walipekua chini ya vitanda, na mimi nilipekua pamoja nao (naomba mlikumbuke hili mkitaka kunihukumu). Tena ni mimi, baba wa nyumba, niliyekwenda kumkemea Mama Béa, nikamwambia kitenge cha watu kinaliwa na mkasi wako. Mama yule alikaribia kulia.

“Miye nilirudisha byote, Papa, mu sachet moya! Kitambala ilikuwa juu!”

Nilimwona mwongo. Moyo wangu haukusema kitu, na hata rangi ya kile kitambaa sikuiuliza, mimi muuza rangi.

Jumatano tukatoka saa tatu. Mama mkwe alikaa nyuma na mke wangu, bluzi na sketi vinameremeta, kichwani amefunga skafu nyeusi ya kuazima, iliyomkaa vibaya na yeye analijua hilo. Mbele, pembeni yangu, nilimweka Maître Ilunga kwa usalama. Kioo cha kutazamia nyuma nilikielekeza darini, ili macho yangu yasikutane na ya mama, ndivyo ninavyofanya kila nikimbeba. Nyuma yetu gari la pili, la Tonton Anselme, mdogo wake mama, na akina mama wanne wa kwaya waliovaa nyeupe tupu, wakiimba na madirisha wazi.

Mjini tulikwenda vizuri. Tulipoingia njia ya Kasapa nikaona muda unakimbia, nikakanyaga. Gari likashtuka. Nikakanyaga zaidi, kwa sababu mtu akishaitwa Ingénieur hawezi kuachia, na nyuma nikasikia nyimbo zimekatika na honi zinalia, nikafikiri wanashangilia. Kumbe gari langu lilikuwa linatapika moshi mweusi, nao wote unaingia kwa wale akina mama, na mimi kioo changu kinatazama dari! Mwishowe likakohoa, likazima kwenye mwinuko mdogo, kabisa mbele ya wanafunzi waliokuwa wanapita kwenda masomo. Saa nne kasoro dakika ishirini.

Tonton Anselme akashuka, uso umejaa masizi. Akina mama wa kwaya wakashuka, na zile nyeupe, jamani, siwezi kuwaeleza. Wanafunzi wakajaa. Mmoja akaanza kupiga picha. Nami nikafungua boneti na kuanza kuwaeleza watu kuhusu turbo, kweli kabisa, mkono mmoja kiunoni, nikisema pengine vibawa vyake vimeliwa, hadi niliposikia sauti ya mama mkwe nyuma, nyembamba, inamwambia mke wangu:

“Nadège anafikiri sijakuja.”

Hapo ndipo nilipoishiwa. Sikuwa tena na video wala jina. Nilitaka tu mama yule afike.

“Maître,” nikasema kwa sauti ya chini, “fungua hiyo filtre.”

Akafungua vibanio vinne, akainua kifuniko, akaingiza mkono, na umati wote ukasogea anavyovuta: kwanza pembe ya kijani, halafu ua la njano, halafu kingine, halafu kitambaa kizima, kirefu, chekundu kwa vumbi, kimekunjwa mistari-mistari kwa kunyonywa kwenye chujio. Kila turbo ilipovuta hewa kwa nguvu, kitambaa kilipanda na kuziba, ukiachia kinashuka. Akakiinua juu watu wote wakione. Kikawa kinapepea pale, na dirishani mwa gari mama mkwe wangu anachungulia na bluzi ya maua yale yale.

“Baba Grâce,” mke wangu akashuka, akasema polepole, “ile ni nini?”

Nguo ya mama mkwe, ya kichwa, niliigusa, nikafutia vumbi, nikailisha injini, kisha nikamtukana mshonaji. Nilitamani boneti inifunike. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kuelewa, kicheko kinatoka nyuma kinakuja mbele.

Ndipo mama mkwe akashuka garini. Akapita mbele ya mke wangu, akasimama mita moja kutoka kwangu, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

“Baba Grâce. Nilisema kuko kitu ku koo.”

“Ndiyo, mama,” nikasema chini chini. Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mama mkwe wangu.

Akachukua kitambaa mkononi mwa Maître Ilunga, akakikung'uta mara tatu (tukakohoa wote), akavua skafu ya kuazima, akakifunga kile kichwani na vumbi lake na mistari yake, akapanda gari.

“Sasa washa motoka.”

Maître akabana kifuniko, nikafunga boneti, tukapaa. Sijawahi kuliendesha gari lile hivyo. Tuliingia mlangoni Nadège ameshasimama mbele ya walimu, anapangapanga karatasi zilizokwisha kupangika, akainua macho akaona kile kijani kilichochafuka kinakwenda kukaa kiti cha mbele, na niliona mabega yake yanashuka. Aliongea vizuri mno. Mimi nililia kidogo kwenye ukuta wa nyuma, katikati ya akina mama wa kwaya weusi kwa moshi, na hakuna aliyenikataza.

Jumapili yake nilimpelekea mama kuku jike mweupe, kama inavyotakiwa kwa aliyevunja heshima, akampokea mwenyewe kwa mkono wake, na tangu hapo tunaongea. Kwa Mama Béa nilikwenda kwa miguu kuomba msamaha, akanisamehe wiki ya pili. Kitambaa kilifuliwa, ila mistari ya chujio haikutoka, na mama hataki kingine. Nami niliapa, na kiapo nakishika: sifuti kitu bila kuuliza nyumba nzima, na fundi akisema tufungue dakika mbili, tunafungua.

Juzi mama mkwe alinipigia simu kutoka Kilwa, mimi, si mke wangu. Moteur ya mtumbwi wa jirani yake inakosa nguvu, inashtuka, inarudi. Nikavuta pumzi ili nimweleze, akaniwahi:

“Ngoja, Baba Grâce. Kwanza nimeshika kichwa. Kitambala yangu iko. Sasa sema.”