Nyapara Aliyekatazwa Kushika Jembe

Niseme la aibu mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni: mzee tuliyemzika juzi hapa Newala ndiye aliyenikuta, mimi mwanamume mzima na ndevu zangu, nimejificha nyuma ya mama mkwe wake, nikilikimbia lipiko, yule mchezaji wa kinyago. Ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, enzi huku kwetu yuko Mwingereza. Mimi kijana wa Masasi, darasa la nne nililichungulia dirishani tu, lakini tajiri mmoja wa Newala aliniita karani, nami nikaitika. Alitaka shimo la kutega maji ya mvua, wanawake wapumzike kushuka na kupanda ule mteremko na mitungi kichwani. Wachimbaji hodari walikuwa ng'ambo. Boma likampa kibali cha kuajiri wageni, mradi awe amewaandikisha kabla ya mwezi kwisha. Nikatumwa kuwaleta.

Marehemu, kabla hajahamia huku, ndiye alikuwa nyapara wao. Alipochoka kunicheka akasema, "Karani, watoto wetu wako jandoni. Baba akiondoka, mtoto akitoka atapokewa na nani?" Nikamwambia kibali kinakwisha, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, hajui mambo ya jando. "Basi kamfundishe. Si wewe umesoma?" Nikakaa mpaka watoto wakatoka, nikala, nikacheza ngoma, mbali kabisa na lipiko.

Tunafika bomani, kibali kimekwisha jana, na mawingu yameshajaa. Karani wa boma, karani wa kweli huyo, akasema tajiri akimpa mgeni hata jembe moja atafungwa. Nyapara akauliza, "Na kukaa?"

"Kaeni, si wageni wake?"

"Na kusema?"

Karani akacheka. "Mdomo hauombewi kibali."

Basi tulipofika kwa tajiri nyapara akapindua kinu, akakaa ukingoni mwa shimo, wenzake nyuma yake. "Tajiri, shuka." Tajiri akashuka na kitambi chake. Nami nikamfuata. "Karani, unachimba au unakoroga uji?" Majirani walikuja kutucheka, wakaishia kuona haya, wakashika zamu. Mvua ilipopiga, shimo lilikuwa tayari. Viganja vyangu ndiyo havikuwa tayari.

Tangu hapo nimeona vibali vingi vikizaliwa na kufa, na nasema hivi: anayewawekea watu mwisho wa kazi, kwanza aulize wana shughuli gani nyumbani. Mvua haiongezi siku, na mtoto wa jandoni hatoki kwa amri ya boma. Marehemu alijua mwisho upi unasogezeka na upi hausogezeki. Usiosogezeka hakugombana nao, aliukalia kinu.

Niliporudi Masasi nashika ugali kwa vidole viwili kwa ajili ya malengelenge, rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo wewe kumwajiri mgeni, mpaka boma likubali. Lakini mgeni akikuajiri wewe, boma linakaa kutazama!"