Tulivyoijaza Kompyuta ili Kazi ya Yaya Ielee

Wakati wa vita niliamini, kwa moyo wote, kwamba maandishi yakifutwa kwenye kompyuta huzama chini kabisa ya mashine, na kwamba dawa ya kuyarudisha ni kuyamiminia maandishi mengine juu yake mpaka yaelee. Msicheke haraka. Butembo nzima iliamini hivyo, au tuseme mtaa wetu wote, au tuseme wote niliowauliza, na niliuliza wengi. Aliyetuletea elimu hiyo alikuwa mama mmoja wa Beni, muuza mawese, mteja wetu wa fotokopi. Alitufundisha taratibu: bidoni, yaani dumu la mafuta, ikionekana imekwisha, unamimina maji moto ndani, yale mafuta yaliyong'ang'ania chini yanapanda yenyewe, unayakomba kwa kijiko.

"Ordinateur yenu iko namna moja," alisema, akiigonga kompyuta yetu. "Kitu haiwezi potea mu kitu yenye kufungwa."

Mimi niliyekuwa nasoma shule ya jioni, na nusu ya muhula wa fizikia kichwani, nilimwona yule mama ni profesa.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kuchapa katika sekretaria, kibanda cha mbao kando ya barabara kubwa. Tulikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi, na groupe, yaani jenereta, ambayo kelele yake nadhani ilifika hadi Lubero na kuwashtua watu katika mashamba yao ya viazi. Mwenye kibanda tulimwita Patron. Mimi nilichapa kama mvua kwenye mabati. Wenye wivu walisema natumia vidole viwili tu, lakini hawakuuliza ni vidole vya aina gani.

Kati ya wateja wetu kulikuwa na dada mmoja wa Kalunguta, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Alinizidi umri, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu akina mama waliojifungulia porini wakikimbia risasi. Aliwafuata mashambani mmoja mmoja, akawauliza walikata kitovu kwa kitu gani, walimfunika mtoto kwa kitu gani, nani aliwashika mkono. Nilipomaliza kuchapa, zile karatasi za mkono alizipeleka kwao kijijini zikahifadhiwe. Muda si mrefu kijiji kikakimbia, nyumba ikaporwa, na karatasi, tulisikia baadaye, zikawashia watu moto wa kupikia. Wale mama nao wakatawanyika, wengine hadi ng'ambo ya mpaka. Disketi zilikuwa hazipatikani tena mjini, barabara ya Kasindi, ile inayotoka mpakani, ikiwa imefungwa. Basi maneno yao yalibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku letu lenye vumbi, yakisubiri siku ya kutolewa kwenye karatasi mbele ya jury, jopo la walimu wa kumtahini.

Kisha akaingia mkubwa mmoja wa jeshi na walinzi wake. Wakubwa wa jeshi siku zile walibadilika kama mashati. Sikumbuki huyu alikuwa wa upande gani, na sidhani kama yeye mwenyewe alikumbuka. Alinisomea tangazo lake akiwa amesimama, nikachapa, nikamtolea nakala. Akazikunja.

"Sasa futa."

"Nifute ya kwako, chef?"

"Futa byote. Sitaki kitu ibakie mu hii sanduku."

Patron akajikohoza. "Mais chef, kuko kazi ya batu humu."

"Batu gani? Futa."

Patron akanisogeza, akashika kipanya mwenyewe, akafuta. Akamwaga na lile pipa la takataka la kwenye kioo. Mkubwa alikaa pale akitazama mpaka kioo kikawa cheupe kama sahani iliyooshwa, akatushukuru kwa Kilingala, akaenda zake.

Yaya alipofika asubuhi na kuambiwa, hakulia. Alianza kutembea, kutoka mlangoni hadi kwenye fotokopi, kutoka kwenye fotokopi hadi mlangoni, mpaka mbao za sakafu zikalalamika. Jury ilikuwa ikae mwisho wa mwezi. Walimu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyejua kama ingekaa tena.

"Bale bamama siwezi kubapata tena," alisema. "Hata kama jury inaningojea, nitabatoa wapi?"

Ndipo mama wa mawese akatoa mafunzo yake, na Patron akaniagiza: "Mimina."

Nikamimina. Nilianza na madaftari yangu ya shule ya jioni: historia ya Misri ya kale, sheria, jiografia ya nchi ambazo sikutarajia kuziona. Nilichapa mpaka vidole vikawa vifupi. Madaftari yalipokwisha, yaya alinisomea sala za jioni, kisha majina ya dawa zote alizojua, kisha namna ya kupika sombe. Hakukaa kwenye kiti hata mara moja. Alisimama nyuma ya bega langu, akihema.

"Imepanda?"

"Bado, yaya."

"Angalia tena chini."

Groupe ilizima katikati ya sentensi, tukasaka petroli, tukaanza upya. Washonaji wa kibanda cha jirani walichungulia kila walipokwenda kunywa chai. "Nyinyi mumepika nini humo mu machine," mmoja aliuliza, "yenye haiive?" Patron, ambaye hakuwa na subira, alinionyesha njia fupi: kunakili maandishi yale yale, tena na tena na tena. Sasa Misri ikaanza kuzaana. Farao mmoja akawa mia, mia wakawa jeshi. Siku mashine ilipoonya kwamba nafasi imekaribia kwisha, tulipeana mikono sote watatu. Imejaa, sasa lazima imwagike.

Haikumwagika. Tulifungua kila kitu kilichofunguka. Misri, sombe, sala, Misri.

Yaya akachukua bisibisi mezani, akampa Patron. "Fungua hiyo sanduku. Nipe yenye iko ndani. Naenda ku Beni."

Huko Beni palikuwa na mtu aliyetengeneza redio za mawasiliano na kompyuta za watu wa misaada. Alisomea Kampala, na hakumruhusu yeyote asahau. Patron alikubali kuitoa ile diski ya ndani inayotunza maandishi, bamba la chuma lenye ukubwa wa kitabu cha sala, kwa sharti niifuate popote iendapo. Tukapanda pikipiki watatu: dereva, mimi, na yaya nyuma yangu, diski ameifunga kwa kitenge kifuani. Barabara ilikuwa ile ya vita, mashimo yake yangeweza kulipiwa kodi ya nyumba. Kila shimo yaya alisema "polepole," na kila baada ya shimo alisema "mais unakawia." Kwenye kizuizi askari alitaka kuona mtoto.

"Haiko mutoto," yaya alisema. "Iko kichwa ya ordinateur. Iko mugonjwa."

Askari aliifunua, akaigonga kwa kucha, akaifunika tena kwa uangalifu. "Enda mbio, mama. Kisije kufia hapa kwangu."

Fundi tulimkuta anakula. Alitutazama, akatazama kitenge, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha. Kisha akaiunganisha diski na kompyuta yake, akaweka programu ya kusoma kipande kwa kipande hata kile ambacho mashine inadai hakipo, na maandishi yakaanza kupita kwenye kioo.

"Misri," fundi alisema. Baada ya muda: "Misri tena. Nani anapenda Misri hivi?"

"Ni ya examen," nilijibu.

"Ulipita?"

"Bado kufanya."

"Utapita," alisema. "Wewe peke yako mu Kongo nzima."

Yaya alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mchana ulisogea. Ukaja utangulizi wake, mzima. Zikaja sura za maana ya maneno, zile ambazo kila mwanafunzi hunakili vitabuni, zote salama, hakuna nukta iliyopotea. Kisha wakaanza kuja wale mama. Wa kwanza alikuja kamili. Wa pili kamili. Wa tatu alikuwa anaeleza jinsi mvua ilivyonyesha. Ilikuwa kwa Kifaransa, nawapa kwa Kiswahili: "Nilikaa chini ya mgomba, nikaomba wembe, hapakuwa na wembe, nikamwambia binti yangu alete" na hapo hapo, bila hata nafasi: "mto Nili ulipofurika, wakulima walipata udongo mweusi."

Yaya alinyoosha kidole akagusa kioo. "Alete nini?"

Fundi alisogeza chini. Nili. Akasogeza juu. Nili.

"Yaya, unakumbuka?" niliuliza.

Aliomba karatasi na kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu tangazo la yule mkubwa akakaa kwenye kiti. Akaandika haraka, akafumba macho, akaandika. Mama wa nne alipatikana nusu, wa tano hakupatikana kabisa, na wengine walikuja vipande vipande kama sahani iliyoanguka. Palipokatika aliandika mwenyewe alichokumbuka, na pale alipokosa aliacha mstari mtupu. Niseme sasa, msikae na wasiwasi: alisimama mbele ya jury, akapita, leo ni mkunga. Ile mistari mitupu aliipeleka ikiwa mitupu, na walipomuuliza kwa nini, alisema hatawatia akina mama maneno mdomoni.

Lakini siku ile tulikuwa bado Beni, kalamu yake ikikwaruza karatasi, na mimi sikuweza kutulia. Nikamvuta fundi pembeni. Nikamweleza mbinu yetu yote, kwa fahari kidogo, na nikamwuliza kama shida ilikuwa ni kwamba tuliacha mapema mno. Pengine tungejaza diski nyingine, tukaibandika kwenye hii, tukaendelea kumimina.

Hakucheka.

"Hapana, petit. Siku chef alisema mufute, machine ilifuta jina tu. Kazi yote ilikuwa ingali mu disque. Kama mungezima pale pale na kuniletea, ningewapatia yote. Yenye ilipotea ilipotea kwa sababu muliandika juu yake, na yenye imeandikiwa juu hakuna mutu anaweza kuirudisha."