Redio ya Gari Ndani ya Boti ya Harusi

Mjini Amu magari ni ya kuhesabu, lakini redio za gari hazimwishii Mwanamkisi mezani. Manahodha huzipenda kwa sababu hutumia betri ileile ya boti. Ufundi alifunzwa na babake, marehemu Mzee Bakr, aliyekuwa fundi wa redio kule bara, Mokowe. Tangu afariki, bintiye ndiye anayeshika kazi, na watu humwita Fundi Mwana.

Jumamosi moja hakuwa kazini. Alikuwa amevaa buibui jipya, amekaa kwenye boti ya Hussam pamoja na wanawake wa ukoo, wanampeleka bwana harusi Kizingitini. Bwana harusi ni Raiyan, mtoto wa dadake, Sundus. Redio ilikuwa ikiimba. Hussam alipowasha injini tu, redio ikazimika.

"Huwa hivo," Hussam akasema, akaipiga kofi. Ikalia, ikazima tena.

Mwanamkisi alinusa. Plastiki iliyoungua.

"Hussam, zima injini."

"Fundi, maji yatatoka kwenye mkondo wa Mkanda! Tukichelewa hatupiti."

"Zima, mwanangu."

Sundus akageuka. "Hata yeo, siku ya harusi, Mwana? Watu wanatungoja na wewe wataka kutengeneza redio!"

Mwanamkisi aliinama. Alifungua kikasha cha fyuzi kando ya betri. Ndani hamkuwa na fyuzi. Mlikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa, imeshakuwa nyeusi.

"Fyuzi zilikuwa zaungua kila siku," Hussam akasema chini chini. "Nikachoka."

Mwanamkisi alichomoa redio kabisa kutoka kwenye nyaya zake, kisha akatia fyuzi ya kweli aliyoipata kwenye sanduku la nahodha. Ikakatika papo hapo, na redio haimo.

"Basi redio haina kosa," akasema. "Kosa liko ndiani, kwenye nyaya."

Akavua buibui, akampa Sundus amshikie, akapiga magoti. Aling'oa nyaya kwenye betri, halafu akazifuata kwa vidole chini ya viti, pole pole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zilikwenda pamoja hadi nyuma, na huko zikaingia chini ya mtungi wa petroli. Alipoomba mtungi uinuliwe, Hussam akauinua. Mtikisiko wa injini ulikuwa umeusugua mtungi juu ya nyaya mpaka ngozi zake zikaisha. Shaba ilikuwa wazi, nyekundu imelalia nyeusi, na kitako cha mtungi kimeanza kulainika.

Mwanamkisi alikata nyaya zile, akazifunga ncha kwa utepe. Kipande kilichoungua akamwekea dadake kiganjani. Kilikuwa bado na joto.

Sundus alikitazama, akamtazama Raiyan aliyekaa karibu na mtungi na kanzu yake nyeupe, kisha akakitupa kwenye ndoo. Hakuomba radhi. Alimvisha dadake buibui, akamfunga vizuri kichwani kama walipokuwa wadogo, akawageukia wanawake.

"Pembe za vugo ziko wapi? Mwangoja nani awaimbie?" Wakaanza kuzigonga na kuimba nyimbo za harusi.

Mkanda waliupita kwa shida, Hussam akisukuma boti kwa upondo, ule mti wake mrefu, na maji yameshuka hadi magotini mwa mikoko, lakini walipita. Kizingitini walisikika kabla ya kuonekana.

Wiki iliyofuata Hussam alikuja dukani na waya mpya mkononi.

"Fundi Mwana, nataka uipitishe juu, mbali na petroli. Na mimi nikae nione."

"Ndoo uketi basi," Mwanamkisi akasema, akamsogezea kigoda. "Anza kwa kunishikia taa."