Bima Iliyofungwa kwa Maombi

Mjukuu wangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yako asisikie nikisema hivyo. Ni siku niliyotoka benki mjini Meru nikiwa nalia, na watu wakanipisha njiani wakidhani nimefiwa. Kumbe nilikuwa nalia kwa kutua mzigo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana kijana wa leo husaini kitu kama anayepiga chafya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na chumba cha kushonea karibu na Kaaga, na unajua Kaaga ni shule juu ya shule. Nilishona yunifomu mpaka usiku naota kola. Cherehani yangu ya kwanza nilinunuliwa na Tata Marigu, shangazi yangu wa Ishiara, kwetu Mbeere, aliyenilea. Aliuza mbuzi wake akaniambia niende nikajitegemee. Baadaye nikaongeza ya pili, ya mota, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Babu yako alikuwa mwalimu, na mshahara wake ulikuwa unaishia barabarani kabla haujafika nyumbani.

Basi akaja Kirimi. Kirimi alikuwa kijana wa benki, tena mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu, sauti yake nzito unaisikia mpaka tumboni. Alikuja dukani na tai yake akaniambia benki inatoa kadi ya mkopo. Nitachukua vitambaa kwa muuzaji wa jumla bila pesa mkononi, nilipe polepole wazazi wakishanilipa. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilijiona mtu wa Nairobi. Halafu akatoa karatasi nyingine. Bima. Nikiugua au nikipoteza kazi, bima italipa deni la kadi.

"Hii nayo ni lazima?" nikamuuliza.

"Mama Kendi, bila bima hii kadi haiwezi kutoka," akasema.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi sikuwa hata nyoka, nilikuwa mshonaji tu aliyetaka vitambaa. Nikamchemshia chai. Akaniambia, "Tuombe kwanza, tukabidhi jambo hili kwa Mungu." Tukafumba macho, akaomba maombi mazuri sana, tukasema amina, nikasaini zote mbili. Hapo ndipo kosa lilipolala, mwanangu. Si kuomba. Ni kwamba baada ya ile amina, moyoni mwangu ile karatasi ikawa kitu kitakatifu. Ningeirudiaje kwa maswali? Ingekuwa kama kumwambia Mungu nimebadilisha nia.

Kadi nikaitumia. Kwa yule muuzaji wa vitambaa kulikuwa na kidude cha chuma cha kuisugua, kraa, kraa, na wateja wengine wakageuka kunitazama. Nilikuwa nalipa kila mwezi, lakini deni halikupungua nilivyotarajia. Bima ilikuwa inaongezwa juu ya deni, na riba inakula vyote viwili. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hicho hakikuwa changu. Mwishowe nikaikata kadi kwa mkasi wa kushonea. Deni halikusikia mkasi.

Kisha Desemba moja, nimebeba robota la yunifomu, nikateleza kwenye ngazi zenye matope, mkono wa kulia ukavunjika. Desemba na Januari ndio msimu wetu sisi washona yunifomu. Nikakaa na plasta nikitazama wateja wakienda kwa wengine. Lakini nikajifariji: si nina bima? Nikaenda benki, mkono umening'inizwa shingoni. Msichana wa bima akanihoji vizuri tu.

"Mwajiri wako ni nani, mama?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Basi nani atathibitisha hujaenda kazini?"

Nikasema ni mimi. Akatabasamu kwa huruma. Akanieleza kuwa ile bima ni ya watu walioajiriwa, wenye kulipwa mshahara. Mwenye duka lake hafidiwi hata akivunjika mikono yote. Miaka yote hiyo nilikuwa nalipia mwavuli usioweza kufunguka juu ya kichwa changu.

Unadhani niliuliza kitu? Niliondoka na asante. Nilimkuta Kirimi mlangoni, nikamsalimu, nikamwuliza habari za mama yake. Nilikuwa naona aibu, mwanangu, aibu ya kuonekana sikuelewa nilichosaini, na aibu ya kumwaibisha mtu tuliyeomba naye. Barua za benki za kudai deni zikaja, ya mwisho ikiwa kali. Nikapata fundi wa Nkubu aliyekuwa tayari kununua cherehani ya mota. Tukakubaliana aje kuichukua Jumamosi.

Lakini sikuweza kuuza kabla ya kumweleza Tata Marigu. Nikashuka Ishiara kwenye lile joto, nikamkuta anapepeta ndengu. Nikamsimulia yote. Hakuacha kupepeta mpaka nilipofika kwenye maombi. Hapo akauweka ungo chini.

Sisi watu wa Mbeere tuna desturi ya soko la mbuzi, labda hujaiona. Mtu akikuuzia mbuzi akakuapia ana mimba, ukamlisha, ukangoja, miezi ikapita na tumbo ni lile lile, unamrudisha. Humtukani aliyekuuzia, wala humsemi kwa majirani. Unamfunga mbuzi kamba, unampeleka hadi kwake, unasema, "Mbuzi huyu si yule uliyenieleza." Naye humpokea na kurudisha ulichotoa, maana asipofanya hivyo hakuna atakayenunua kwake tena.

"Mwana wakwa," Tata akaniambia, "uliuziwa mbuzi tasa, sasa unataka kuuza shamba ili uendelee kumlisha?"

"Tata, tuliomba tukasema amina."

"Mungu aliombwa abariki mkopo. Nani alimwomba abariki uongo?" Kisha sauti yake ikashuka. "Sikuuza mbuzi wangu ili wewe ujifunze kunyamaza. Mficha uchi hazai. Nenda ukaseme."

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilitaka kuonewa huruma, nimekuja mbali na mkono umevunjika, naye ananikaripia. Lakini njia nzima ya kurudi Meru maneno yake yalikaa nami, na nilipofika nikamtumia fundi wa Nkubu ujumbe kwamba asije Jumamosi.

Jumatatu nikaingia kwa meneja wa benki, mtu mnene mwenye adabu. Akanionyesha sahihi yangu. Nikasema, "Sahihi ni yangu, siikatai. Lakini niliambiwa bima ni lazima, na aliyeniambia alikuwa ameketi ndani ya duka langu, anaona sina mwajiri. Bima hii si ile niliyoelezwa. Nairudisha, nami naomba nilichotoa." Maneno yalitoka yote.

Meneja akamwita Kirimi.

Hapo, mwanangu, lilikuwa neno langu dhidi ya lake. Akisema hakuniambia hivyo, cherehani imekwenda, na Jumapili nitakaa kanisani kama msingiziaji. Kirimi akasimama pale akiangalia viatu vyake. Meneja akamwuliza kama ni kweli. Nikamwombea, amini usiamini, nilimwombea yeye.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwambia ni lazima, na haikuwa lazima. Na nilijua duka ni lake." "Tulikuwa tunaambiwa kila kadi itoke na bima."

Meneja akaniambia ataandikia makao makuu Nairobi. Nikangoja majuma mengi, nikala mahindi nisiyoyasikia ladha. Siku nilipoitwa, meneja mwenyewe ndiye aliyenieleza: malipo yote ya bima yameondolewa, pamoja na riba iliyokuwa juu yake. Deni limekwisha. Tena kuna kidogo kilichobaki, nitie sahihi nichukue. Safari hii nilisoma kila mstari, naye akaningoja. Nikatoka nje nikilia, na hiyo ndiyo siku niliyokutajia. Nilikuwa mwepesi sana. Nilipofika dukani nikakaa mbele ya cherehani yangu ya mota, nikaweka mkono juu yake, sikushona chochote, nilikaa tu.

Kirimi hakufukuzwa, nashukuru. Alikuja dukani jioni moja, akakataa chai mpaka amalize kusema. Aliniomba msamaha. Kisha akaniambia amewaendea wenye maduka wengine aliowauzia bima ile, mmoja mmoja, akawaambia waende wakadai. "Mama Kendi," akasema, "tangu siku ile nalala." Tukanywa chai, na nilihisi tumepumzika sote wawili, mimi na yeye.

Basi sikiliza nasaha yangu. Kuuliza si ujinga, uliza kabla ya kusaini, na ukiambiwa ni lazima, uliza ni lazima kwa nani. Usikubali mtu aweke jina la Mungu pale panapohitaji maelezo. Na ukigundua umeuziwa kisichokufaa, usikae nacho kwa kuogopa aibu. Kirudishe kwa aliyekuuzia, kwa heshima, ana kwa ana, useme maneno yako yote. Huenda unadhani unamwaibisha, kumbe unamfungulia mlango naye alikuwa anatafuta pa kutokea.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na miguu ya kurudi. Kazi ya mikono yako isiuzwe kwa deni lisilo lako. Na siku utakapokuwa wewe ndiye muuzaji, ukaulizwa mbele ya watu kama ni kweli, akupe nguvu ya kusema ni kweli.