Gari la Mkwe Linalolia

Mafundi wa magari Kambu wako tele, ila fundi wa kusikiliza ni mmoja tu, Nzioka, na yeye mwenyewe atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Wenzake wakisikia gari linagonga hukimbilia spana. Nzioka humweka binti yake Mwongeli kwenye usukani, gari likatambaa polepole juu ya mawe ya nyuma ya gereji, naye akatembea kando ya gurudumu ameinama, kiganja kwenye bodi, macho amefumba. Mwongeli haambiwi neno. Baba akiinua kidole, anafunga breki. Akizungusha mkono, anakata kona. Amemwendeshea hivyo tangu miguu yake ilipoanza kufika kwenye klachi, na wateja husema hawa wawili ni fundi mmoja.

Sasa Alhamisi moja ikaja pikapu ya buluu, ikilia kwi-kwi barabarani na kugonga kong' kwenye kila shimo. Akashuka Mutisya, mkulima wa maparachichi kutoka Kilungu. Huyu Mutisya ndiye aliyetarajiwa kwa Nzioka Jumamosi, yeye na wazee wa kwao, kuleta mbuzi za ntheo kwa ajili ya Mwongeli. Na Mkamba yeyote anajua, mbuzi hizo zikishapokewa, msichana ni mke wa watu.

Nzioka aliweka kikombe cha chai chini.

"Mzee, nisamehe," Mutisya akasema. "Niliwekewa bushi mpya juzi juzi tu, na bado inalia. Mwongeli ameniambia hakuna masikio kama yako."

"Wewe unakuja kunichukulia mtoto, halafu unataka mimi ndiye nikutengenezee gari ya kuja nayo?"

"Naogopa isinilalie njiani na wazee na mbuzi."

"Basi rudi nayo. Mafundi wamejaa mpaka Emali."

Mwongeli alichukua ufunguo mkononi mwa mchumba wake, akawasha gari, akalipeleka taratibu kwenye mawe. Anamjua babake. Kuna watu huwezi kuwaonyesha chupa ya pombe wakaiacha, na Nzioka huwezi kumsikilizisha gari linalolia akaliacha. Pikapu haijafika mbali, mzee huyo, kando ya gurudumu, ameinama na amenuna.

"Inayolia ni mpira, inayogonga ni chuma," alinung'unika. Akapiga jeki, akaingiza mtaimbo kwenye mkono wa chini wa gurudumu, akausukuma. Bushi, ule mpira unaoshika mkono huo, ikafunua mdomo. Mpya kabisa, na imechanika. Hapo hasira za mzee zikamwacha Mutisya zikamwendea fundi aliyeiweka. "Huyu mtu alikaza nati gurudumu likining'inia hewani! Gari ikishushwa, mpira unabaki umenyongwa. Utanyongwa kila shimo mpaka ukatike. Bushi inakazwa gari ikikanyaga chini, watu wakiwa ndani."

Mwongeli alienda dukani kuleta bushi nyingine, na Mutisya akamfuata kumsaidia kuitafuta. Nzioka akabaki peke yake na kopo la oili.

Tuseme ukweli, wazo baya lilimjia. Akiupaka ule mpira oili, utanyamaza, na wakirudi atawaambia utavumilia, ile mpya ingoje. Kijana atashukuru, ataenda zake, na oili itaendelea kuula mpira kimyakimya. Jumamosi, pikapu ikishuka vilima vya Kilungu na mzigo, gurudumu litaanza kuyumba, na wazee hawatakubali kuendelea na safari. Ntheo itaahirishwa mpaka baada ya mavuno, pengine mpaka mwakani. Hakuna atakayemlaumu, maana bushi si yeye aliyeiweka. Na Jumatatu asubuhi, na kila asubuhi baada yake, Mwongeli atakuwa papo hapo kwenye usukani. Alilishika kopo kwa muda mrefu.

Waliporudi alilirudisha kopo rafuni bila kulifungua, akanyoosha mkono apewe bushi. Aliitoa ile iliyochanika, akaibana mpya kwa jiriwa ikaingia sawasawa, akarudisha mkono wa gurudumu, akashusha jeki.

"Ingieni ndani," aliwaambia. "Wote wawili. Nataka uzito."

Akajilaza chali juu ya gunia, akajivuta chini ya gari na spana yake. Juu yake wale wawili walikuwa wakiongea mambo ya mbuzi. Mutisya alikuwa akieleza jinsi beberu mmoja alivyokula kofia ya mjomba wake ya kanisani, na mjomba akahubiri kichwa wazi. Mwongeli akacheka.

Nzioka akaacha kukaza. Anakijua kicheko cha bintiye: kile cha wateja wabishi, kile cha kumpoza baba akifoka, kile cha kanisani cha kujizuia. Hiki hakuwahi kukisikia. Kilitoka tumboni, kikatikisa springi, kikaisha polepole bila haraka ya kwenda popote. Alikisikiliza kama anavyosikiliza gari, mwanzo mpaka mwisho, akitafuta penye kulia, penye kugonga. Hakupata.

Machozi yakamtoka, yakateremka mpaka kwenye masikio yale yale anayojisifia, naye akayaacha. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inamuuma.

"Baba, umemaliza?" Mwongeli akaita.

"Bado," akajibu, akaikaza nati mpaka ikakataa kusogea. "Mutisya!"

"Naam, mzee."

"Hebu mchekeshe tena."